Mheshimiwa alikosa ubunge akawa ananituma misibani nimwakilishe: yaliyonikuta mimi na mama yangu

Wakuu, nawasalimu wote, wa bara na wa pwani.

Humu mimi ni wa kusoma zaidi kuliko kuandika. Elimu yangu ni darasa la saba, na kwenye simu naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo uzi huu nimeuandika kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Ninayoyasema yalinipata mwenyewe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana wengine bado wapo hai na watoto wao wana simu kama sisi.

Kuna mwenzetu aliuliza humu kwamba viongozi wakishatoka madarakani wanafanya kazi gani na wanakula wapi. Majibu mengi yalikuwa matusi na utani. Mimi nilimfanyia kazi mmoja wao, nikaona kwa karibu. Naomba niseme.

Ilikuwa miaka ya tisini, baada ya uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi.

Kwetu ni kijiji kimoja ukishapita Buhongwa. Unaiacha barabara ya Shinyanga, unashuka kwenye majaruba ya mpunga. Siku hizi huko ni karibu mjini, lakini wakati ule ukitoka kwenye lami tu umeingia matopeni, na masika hakuna gari lililokuwa linathubutu.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na nilikuwa na aibu kupita kiasi. Dukani nilikuwa nasubiri watu wote wahudumiwe waondoke, ndipo nimwonyeshe muuzaji kwa kidole ninachotaka.

Ufundi wa mashine ya kusaga nilijifunza Nyakato, kwa bwana mmoja aliyekuwa anasagia wafanyakazi wa viwandani. Kazi ile niliipenda kwa sababu injini ikiunguruma hakuna mtu anayekusemesha. Lakini viwanda vikaanza kupunguza watu, vingine vikafungwa vikisubiri kuuzwa, wateja wakapotea. Yule bwana akaniambia nirudi nyumbani.

Nyumbani alikuwepo mama peke yake. Baba alishafariki. Dada yangu aliolewa Sengerema, ng'ambo, mpaka uende Kigongo upande pantoni uvukie Busisi.

Mama alikuwa anaumwa moyo. Miguu ilikuwa inavimba, akitoka jikoni mpaka mlangoni anahema kama aliyepanda mlima. Na dawa zilikuwa za kununua, ule wakati wa kutibiwa bure ulishapita.

Ndipo Mheshimiwa akarudi kijijini.

Alikuwa mbunge wetu, na kabla ya hapo alikuwa mkuu wa wilaya huko mikoa ya mbali. Nadhani tangu ujana wake hakuwahi kukaa kijijini zaidi ya siku za Krismasi. Kura zikamkataa, akahamia kwenye nyumba yake karibu na zahanati, yeye na mkewe, mama mmoja wa Kihaya, mpole sana. Watoto wao walikuwa Dar. Gari lake lilikatika springi, likapandishwa juu ya mawe uani, likabaki hapo hapo.

Kwa wanaodhani wote hutoka na magunia ya hela, sivyo. Wenzake wapo waliofungua gesti mjini. Wapo waliokuwa mawakala wa sangara, wanakusanya samaki visiwani na kupeleka viwandani. Yeye alichobakiwa nacho alinunua mashine ya kusaga.

Akaulizia fundi. Watu wakamwambia yupo kijana mmoja anajua kazi, ila haongei.

"Huyo huyo ndiye ninayemtaka," akasema.

Nilifurahi, wakuu. Kazi jirani na nyumbani, mchana nakimbia kumwangalia mama, na dawa zake sasa zinanunulika.

Mheshimiwa mwenyewe alikuwa anakaa barazani na redio. Kaunda suti imenyooshwa, kalamu mfukoni, kila siku, kama mtu ambaye gari liko njiani kuja kumchukua. Taarifa ya habari ya saa saba mchana ikikaribia anainua mkono, nami nazima mashine, maana ile injini isingemruhusu kusikia chochote.

Wanawake wamesimama na ndoo zao za mahindi, watoto mgongoni, jua linachoma, sote kimya tunasikiliza nani ameteuliwa wapi. Mkuu wa mkoa. Balozi. Mwenyekiti wa bodi.

Jina lake halimo.

"Haya Fundi, washa." Nazungusha hendeli, tunaendelea.

Jirani yetu mmoja, Shija, fundi baiskeli na mtu wa maneno mengi, siku moja alikuja na mahindi yake saa hiyo hiyo. Akasema kwa sauti, "Jamani tulieni, mwali anasubiri kuposwa." Wanawake walicheka mpaka mmoja akamwaga mahindi. Mheshimiwa hakusikia, au alijifanya hakusikia.

Mimi sikucheka. Nilikuwa najua akiteuliwa ataondoka, mashine itauzwa, na dawa za mama sijui nitazipata wapi. Kwa hiyo kila saa saba tulikuwa wawili wenye wasiwasi pale. Yeye anaomba atajwe, mimi naomba asitajwe.

Sasa nieleze utaratibu wa kwetu, kwa wasioijua Usukumani.

Ukitokea msiba, kila nyumba inatoa mwanamume na jembe. Wanawake wanaleta kuni, maji na unga. Mgonjwa akizidiwa ni hivyo hivyo. Anafungwa kitandani, wanaume wanapokezana kumbeba mpaka kwenye lami. Wanaosimamia ni sungusungu, na mtemi wao wakati ule alikuwa Mzee Lubinza, mzee mfupi mwenye sauti ya chini. Hakuwa anaandika mahali popote. Alikuwa anatupa macho tu, anajua nyumba gani ipo na ipi haipo.

Nyumba isiyofika mara ya kwanza inaulizwa. Ikirudia inaonywa. Ikizidi inatengwa. Kutengwa maana yake hakuna kukusalimia, hakuna kukupa moto wala maji, hakuna kufanya biashara na wewe, na anayekusemesha anapigwa faini naye. Mpaka utoe mchenya, yaani ng'ombe na chakula, watu wale wakusamehe.

Msiba wa kwanza baada ya Mheshimiwa kurudi alikuwa bibi mmoja wa upande wa majarubani. Asubuhi Mheshimiwa akaniita, akanipa bahasha ya rambirambi.

"Fundi, nenda kaniwakilishe. Waambie nimepata udhuru."

Wakuu, nisimsingizie. Hakuwa na dharau. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa hivyo. Mkuu akikosa nafasi anatuma mwakilishi, mwakilishi anasimama, anatoa salamu, watu wanapiga makofi, shughuli inaendelea. Kwake yeye kutuma mtu ilikuwa ni heshima.

Tatizo mwakilishi nilikuwa mimi. Njia nzima nakariri ile sentensi. Nilipofika nikasimama nyuma ya watu mpaka Mzee Lubinza akaniona.

"Shikamoo mzee. Mheshimiwa amepata udhuru, amenituma nimwakilishe."

"Marahaba." Akaniangalia, akaliangalia na jembe langu. "Na jembe hilo ni la nani? La kwa mama yako au la kwa Mheshimiwa?"

Sikuelewa. Watu wote wamegeuka wananitazama, masikio yangu yanawaka moto. Nikajibu haraka ili waniache.

"La Mheshimiwa."

"Sawa. Basi nyumba ya mama yako haipo," akasema, akageukia kaburini.

Nikataka kusema hapana, ni la kwetu, lakini mdomo ukakataa. Shija alikuwa shimoni anachimba, akainua kichwa.

"Na siku akifa yeye, atamtuma nani azikwe kwa niaba yake?"

Watu wakacheka, msibani pale pale. Mimi nikachimba kama mwendawazimu mpaka mikono ikatoka malengelenge, nikidhani nikichimba sana nitahesabiwa mara mbili. Haikuwa hivyo.

Mama nilipomweleza akasema, "Baba, kazi utapata nyingine. Watu wa kunibeba mimi hutapata wengine." Alikuwa ananiita baba, jina la baba yake ndilo nililopewa.

Nikaapa kwamba msiba ukitokea tena nitamwambia Mheshimiwa aende mwenyewe.

Ukatokea. Nikaenda barazani na maneno yangu nimeyapanga vizuri kabisa.

"Shikamoo Mheshimiwa."

"Marahaba Fundi, vipi?"

"Dizeli imebaki kidogo," nikasema.

Hayo ndiyo yaliyotoka. Akanipa hela ya dizeli, na bahasha nyingine.

Safari hii bahasha ilirudishwa. Mzee Lubinza alikuja nayo mwenyewe, akaketi barazani. Nilizima mashine bila kuambiwa, nikajifanya nasafisha chekeche ili nisikie.

Mheshimiwa alimpokea vizuri, akamwamkia kwa mikono miwili, soda ikaletwa. Kisha akaanza kueleza zahanati ilivyojengwa, alivyoipigania bungeni, barabara nayo iko kwenye mpango.

Mzee Lubinza alimwacha amalize.

"Zahanati tunaiona. Hatujaja kuidai wala kuikataa. Hii bahasha yako shika. Sisi tunakuita wewe, na jembe."

"Mzee wangu, kwani kijana hakufika?"

"Kijana ana nyumba yake. Unaazima jembe lake, kwao panabaki wazi. Mama yake mgonjwa."

Nikaona sasa ataelewa. Lakini Mheshimiwa akainama kidogo, akamwambia kwa upole, kama anayempa siri, "Mzee, mimi hapa napita tu. Wakati wowote naweza kuitwa. Nikianza mambo ya zamu za majembe, halafu kesho nimeondoka, si nitakuwa nimewadanganya?"

Mzee Lubinza akainuka. Soda aliiacha ilivyo, haijafunguliwa.

"Mtu anayepita hajengi nyumba ya tofali," akasema, akaenda zake.

Ukaja msiba mwingine. Nilipewa ujumbe ule ule. Sikwenda na ujumbe, nilikwenda na jembe langu tu, nikasema ni la mama. Nilisema kwa sauti ndogo mno, sijui kama kuna aliyesikia. Baada ya mazishi wanaume walikaa kikao, na nyumba ya Mheshimiwa ikatengwa.

Mzee Lubinza aliniita pembeni. "Wewe hujatengwa. Ila ukiwasha ile mashine tena, utahesabika wa nyumba ile. Kachague."

Nilirudi kwa mama nikahesabu vidonge vyake, na jibu likawa kwenye vile vidonge. Nikaenda kazini. Nilijiambia ni wiki moja tu, nipokee mshahara niachane nao.

Ile wiki sijawahi kuisahau. Hakuna aliyekuja kusaga, hata mtoto na bakuli. Watu walikuwa wanajitwisha mahindi mpaka Buhongwa, wanapita mbele ya mashine wakiangalia upande wa pili. Mke wa Mheshimiwa akifika kisimani wanawake wanaondoka na ndoo nusu. Ilibidi awe anapanda gari mpaka mjini kununua hata chumvi, anarudi na mapanki, yaani mifupa ya sangara inayobaki viwandani, kwenye mfuko, anakaa jikoni analia peke yake.

Na mimi nikaanza kuona. Nikimwamkia mtu njiani, anaitikia kwa kichwa tu. Kesho yake hata kichwa hakuna.

Mchana mmoja redio ikasoma uteuzi mrefu. Akatajwa mtu ambaye Mheshimiwa alisoma naye na wakawa wakuu wa wilaya pamoja. Yeye hakutajwa. Taarifa ikaisha, muziki ukaanza.

"Haya Fundi, washa."

Hakukuwa na punje ya mahindi. Nikazungusha hendeli, mashine ikaunguruma tupu, na yeye akaketi kuisikiliza. Nilimwonea huruma, lakini kichwani nilikuwa na jambo moja tu. Nilikuwa napitia nyumba moja moja kijijini, natafuta wanaume wanne ambao wangekuja kama mama akizidiwa. Nilikuwa nafika wawili, halafu nao nawatilia shaka.

Alizidiwa wiki ile ile.

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Mchana nilimkuta ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi, kifua kinapiga filimbi. Zahanati walikuwa na panadol tu, mganga akaniambia mpeleke hospitali ya mjini sasa hivi, usingoje jioni.

Nikakimbia kwa Shija. Alikuwa amepindua baiskeli anakaza spoku.

"Shija, mama amezidiwa. Nisaidie kumbeba."

Hakuinua uso. Mkono wake ukaendelea kuzungusha gurudumu, taratibu. Hakunisemesha. Nyumba ya pili mlango ulifungwa nikiwa bado njiani. Ya tatu walikuwa shambani.

Nikabaki na mtu mmoja tu wa kumwendea.

Nilifika barazani nikihema, na safari hii sikupanga maneno. "Mheshimiwa, mama yangu anakufa na hakuna wa kumbeba."

Alisimama. "Ngoja nitamtuma..." akasema, akageuka kuangalia uani. Akaangalia mashine. Akaangalia barabara. Akanitazama mimi. Hakumalizia.

Akavua koti lake la Kaunda, akaliweka juu ya kiti. Redio ilikuwa inaanza taarifa ya habari. Tuliiacha inasoma.

Kitanda cha mama kilikuwa cha kamba. Tulimfunga kwa khanga, tukapitisha mti mrefu, tukakining'iniza, mimi mbele, Mheshimiwa nyuma. Mafundo tuliyafunga sisi, wawili tusiojua. Mama alikuwa mzito kwa ule uvimbe, na matuta ya majaruba yanateleza. Kila hatua nilikuwa nasikia kamba inalia. Nilikuwa nasubiri ikatike.

Tulipofika katikati, mama akafungua macho.

"Nani huyo nyuma anahema kuliko mimi mgonjwa?"

"Ni mimi, mama."

"Mheshimiwa? Umekuja mwenyewe?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Hukutuma mtu?"

"Wa kumtuma ndiye huyo mbele yako, ameshika mti."

Mama akacheka. Kicheko kikamletea kikohozi, kikohozi hakiishi, nami siwezi kugeuka wala kuweka chini, maji pande zote mbili. Nililia pale, wakuu, natembea nalia.

Watu walikuwa majarubani wanapandikiza mpunga. Mmoja mmoja wakanyoosha migongo. Zilisikika kelele za ndege tu na kuhema kwa Mheshimiwa.

Mbele yetu, kwenye tuta lile lile, akapanda Mzee Lubinza na jembe begani. Akasimama. Tuta ni jembamba, hakuna pa kupita.

Nilijua imekwisha.

"Wekeni chini," akasema.

Tukaweka. Yeye akapiga magoti kwenye tope, akamgusa mama shingoni, akashika fundo la upande wa kichwa. Likafunguka lenyewe mkononi mwake.

"Hiki kitanda kimefungwa na nani? Mlikuwa mnampeleka hospitali au mnakwenda kummwaga?"

"Mimi, mzee," Mheshimiwa akajibu.

"Mbunge mzima hujui kufunga fundo." Alikuwa ameshaanza kulifunga upya, haraka haraka. "Nenda kule miguuni, hapa utatuangushia mgonjwa."

Sauti ya Shija ikatoka nyuma yetu. Kumbe alikuwa ametufuata kwa mbali tangu kijijini, ameshindwa kuja na ameshindwa kubaki.

"Mzee," akasema, "umemsemesha."

Watu wote majarubani walikuwa wanamtazama mtemi wao. Sheria ilikuwa yake.

Mzee Lubinza akakaza fundo, akalipima kwa kulivuta, akainuka na magoti yake ya tope.

"Nimemsemesha. Faini yangu nitailipa. Mgonjwa hakutengwa na mtu. Shija, shika hapa."

Shija alikuja mbio mpaka akateleza akaanguka majini, akainuka hivyo hivyo. Na wengine wakaanza kupanda kwenye tuta, mmoja, mwingine, wanapokezana. Nikanyang'anywa mti begani kwa nguvu, "Toka ngosha, umechoka." Mheshimiwa walimwambia apumzike, akakataa. Akabaki pale miguuni hadi lami, bega limechunika, na safari ile nzima hakutoa hotuba.

Pale barabarani lilisimamishwa lori la pamba, dereva akakubali. Mama akafika hospitali. Walimtoa maji mengi, akalazwa wiki kadhaa, akarudi nyumbani kwa miguu yake kutoka kwenye lami. Aliishi miaka mingine mingi. Hata mke wangu, yeye ndiye aliyenichagulia.

Mchenya ulitolewa. Mzee Lubinza alilipa mbuzi wake wa faini kwanza, mbele ya watu wote, ndipo ikaja zamu ya ng'ombe wa Mheshimiwa. Wazee walirudisha ugali mara ya kwanza, eti mbichi. Ukapikwa tena, wakarudisha, eti umeungua. Ndivyo inavyofanywa, mpaka roho zitulie. Mheshimiwa alikuwa anaupokea na kuupeleka jikoni mwenyewe, jasho linamtoka. Mwishoni akasimama akaanza, "Ndugu wananchi..." Shija akamkata, "Kaa chini, nyama inapoa." Akakaa. Alicheka kuliko wote.

Mtaniuliza kama aliteuliwa. Hakuteuliwa kamwe. Redio aliendelea kusikiliza, nadhani mtu haachi, ila aliihamishia ndani na mashine haikuzimwa tena saa saba. Aliendesha biashara ile mpaka uzeeni. Dizeli alikuwa anakwenda kununua mwenyewe kwa baiskeli, na hapo ndipo alipogundua bei niliyokuwa namtajia ilikuwa ya kweli. Misibani alikuwa anakuja na jembe jipya linalong'aa, anachimba vibaya, anapindisha kaburi, wanamnyang'anya wanampa kazi ya kutoa udongo. Mzee Lubinza anamtupia jicho, kisha analitupia na jembe la kwetu, anaendelea na watu wengine. Mimi jicho lile tu lilikuwa linanitosha kulala vizuri.

Nilichojifunza, kwa akili yangu ya darasa la saba.

Mtu akikaa sana kwenye cheo anazoea kuwa mahali pengi bila kufika popote. Cheo kikiisha hiyo tabia haiishi nacho. Wengi tunafikiri kinachowasumbua ni hela. Yule wangu hela ndogo alikuwa nayo na mashine alikuwa nayo. Alichokuwa hana ni mtu wa kumbebea mgonjwa, na hakujua kwamba hana.

Na kwa vijana mnaotumwa na wakubwa, hili nasema kwa uchungu. Kabla hujasimama mahali kwa niaba ya mtu, angalia kwanza kwenu umemwacha nani. Mimi aibu yangu ya kusema sentensi moja ilikaribia kuniulia mama.

Nimemaliza wakuu. Nitajibu, ila mnivumilie na hiki kidole kimoja. Nanyi mtuambie: huko kwenu yupo aliyekuwa mkubwa akarudi kuishi na watu? Msibani anakuja mwenyewe? Na akija, mnampa jembe au mnampa kiti?